Mafunzo ya Nyuma ya Vyoo

Nchi ya Uwezoni haina jeshi kubwa wala mto wa maana, lakini semina inazo. Ukishuka mpakani tu, kabla hujaulizwa pasi, unaulizwa matarajio yako na hofu zako, na vyote viwili vinaandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani. Watu wa kule hawasemi "nimejifunza". Husema "nimejengewa uwezo", na aliyejengewa sana hutembea taratibu, asije akaporomoka. Soko lao kuu lilipoungua, kikosi cha zimamoto kilikuwa kwenye warsha ya mbinu shirikishi za kuzima moto. Hawakutoka. Wangetokaje, na mada ilikuwa imenoga? Moto ulipokwisha wenyewe wakaja, wakawagawia wafanyabiashara vyeti vya ushiriki, kwa kuwa nao walishiriki kuungua.

Siwacheki mimi. Anayecheka kovu la mwenzake sharti kwanza afunike lake. Nasimulia tu.

Basi, katika shule za Uwezoni kuna watumishi waitwao watabibu wa tiba kwa vitendo. Ni wachache kiasi kwamba wakikutana wote kwenye mgahawa, mwenye mgahawa haongezi kiti. Kazi yao haina mbwembwe. Mtoto ambaye mkono wake hausikii amri, au mgongo haumsimami, au vidole vimejikunja vikagoma, mtabibu hukaa naye mpaka afunge kifungo cha shati mwenyewe, ashike penseli, aende chooni bila kubebwa, apeleke tonge mdomoni. Ni kazi ya kugusa. Kiwiko kinashikwa hapa, bega linashikwa pale, na subira inashika vilivyobaki.

Mmoja wao alikuwa Bi Sikudhani Malongo wa Shule ya Msingi Malengo. Mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye mikono ya fundi. Viti vya wanafunzi wake alivitengeneza mwenyewe kwa maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa ngano, safu juu ya safu, mpaka boksi la sabuni linakuwa gumu kama mbao na mtoto asiyeweza kukaa anakaa. Kijiko alikipinda shingo, akakizungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili kisiteleze.

Kijiko hicho kilikuwa cha Leokadia. Leokadia alikuwa na miaka tisa na mtindio wa ubongo. Mkono wake ulikuwa na safari zake, kichwa chake kilitikisika bila kuombwa, na maneno yake yalitoka moja moja kama watu wanaopita mlango mwembamba. Ila ndani ya kile kichwa palikuwa na mtu mzima. Alishaanza kuunganisha silabi, na alikuwa akisoma kila kilichoandikwa, hata mifuko ya saruji.

Tatizo lilikuwa Waraka wa Kujimudu. Waraka ulisema mtoto ambaye hadi mwisho wa muhula hajaweza kula mwenyewe arudishwe nyumbani, maana shule haina wa kumlisha. Zamani walezi walikuwepo. Walijengewa uwezo, wakawa waratibu, na mratibu, kama mjuavyo, hashiki bakuli.

"Dada Siku, kimefika wapi?" mama yake Leokadia alikuwa akiuliza kila anapokuja kumchukua, mgongoni kanga imeshafungwa tayari.

"Kijiko? Kimefika kidevuni."

"Jana si kilikuwa kidevuni?"

"Jana kilikuwa kwenye kidevu changu mimi. Leo ni chake. Huoni maendeleo?"

Leokadia akacheka mpaka akataka kuanguka na kiti. Kilibaki kidogo tu, upana wa vidole viwili kutoka kidevu hadi mdomo, na muhula mzima wa kuvivuka.

Hapo ndipo Mheshimiwa Waziri wa Kujengewa Uwezo akarudi kutoka ughaibuni.

Alihutubia taifa akiwa amesimama mbele ya ndege, ili watu waone ametoka mbali.

"Ndugu wananchi," alisema, "itifaki imezingatiwa, na ile isiyozingatiwa itazingatiwa. Huko nilikotoka nimeshuhudia, kwa macho yangu haya mawili, mtu akitibiwa mkono na mtu ambaye hayupo. Nikajiuliza, sisi tumekosa nini? Mbona na sisi watumishi ambao hawapo tunao wengi tu!"

Makofi.

"Kwa hiyo natamka rasmi. Kuanzia leo, hakuna mtabibu wa shule kumgusa mtoto wa shule mpaka amalize Mafunzo Endelevu kwa Njia ya Mtandao. Wataniuliza, Mheshimiwa, kitu endelevu kinamalizwaje? Hilo tumeliundia kamati."

Makofi zaidi. Mtu mmoja alizimia kwa furaha, na kwa kuwa wauguzi wote walikuwa wameitwa kupiga makofi, aliamka mwenyewe. Wakasema huo ndio uwezo.

Shuleni Malengo mtandao ulikamata mahali pamoja tu, nyuma ya vyoo vya wanafunzi, kati ya ukuta na shimo la majitaka. Ukisogea hatua upande wa madarasa, unakatika. Ukisogea upande wa pili, unazama. Wizara ilipoarifiwa haikusita. Ilituma utepe, ukakatwa, na pakabandikwa kibao: KITUO CHA UMAHIRI WA KIDIJITALI. Bi Sikudhani akapewa kishikwambi na akaambiwa akae pale.

Harufu ya pale siielezi. Nitasema tu kwamba nzi wenyewe walikuwa wakija kwa zamu.

Mwezeshaji alikuwa Daktari Anselimu Mtegule, mtu aliyejengewa uwezo hadi ghorofa ya tano na bado nondo zikaachwa zimechomoza juu. Alionekana kwenye kioo akiwa mbele ya pazia la zambarau, shati limenyooka, sauti imelainika.

"Washiriki wapendwa, kabla hatujaanza, tuanze kwa kutoanza. Tujitambulishe! Jina, kituo cha kazi, na mnyama unayempenda. Tumpokee dada Sikudhani kwa makofi ya kimbunga!"

"Naitwa Sikudhani Malongo, Shule ya Msingi Malengo. Nampenda kuku."

"Kuku! Kwa nini kuku?"

"Anachakura mwenyewe."

Utambulisho ulikula wiki. Zikaja kanuni za darasa, akachaguliwa mtunza muda, ambaye muda ulimshinda. Halafu mada ya kwanza, Dhana ya Kijiko katika Muktadha. Kwenye kioo ikatokea picha ya mtoto aitwaye Mtoto Mfano, mnene, mashavu yanang'aa, nywele zimechanwa. Mshiriki aliburuta kijiko kwa kidole hadi mdomoni kwa Mtoto Mfano, naye alifungua kinywa mara moja, akameza, akasema, "Asante, mtabibu!"

Bi Sikudhani akanyoosha mkono. "Daktari, nina mtoto halisi. Kijiko kikikaribia, anakaza taya. Nimshike kidevu au nimbadilishie mkao?"

"Swali zuri sana! Makofi kwa dada Sikudhani! Tuliweke kiporo."

Maswali yote yaliwekwa kiporo. Namna ya kumsaidia mtoto anayepaliwa, kiporo. Wa kuwabeba watoto chooni wakati mtabibu yuko mafunzoni, kiporo. Viporo vikajaa mpaka vikaanza kunuka, ingawa pengine vilikuwa ni vile vyoo.

Na kishikwambi kilikuwa na hila. Kila baada ya kitambo kililia wimbo mfupi, mshiriki abonyeze duara jekundu lililoandikwa NIPO, na kamera imwone akitikisa kichwa kwa kukubali. Asipobonyeza, hayupo. Asipotikisa, hajaelewa.

Siku moja mtoto wa darasa la pili alikabwa na ugali. Bi Sikudhani alisikia ukimya ule wa mtoto anayekabwa, akakimbia, akamwinamisha, akampiga mgongoni mpaka ugali ukatoka na kilio kikafuata. Akarudi nyuma ya vyoo anahema. Kioo kilikuwa kimeandika: *Ndugu mshiriki, umeonekana ukienda kufanya kazi wakati wa mafunzo. Tafadhali anza upya.*

Na kwa kumgusa mtoto akapewa onyo.

Akaanza upya. Akasema kuku.

Muhula nao haukumsubiri mtu. Leokadia, ambaye hakuguswa tena, kijiko chake kilianza kurudi kilikotoka, kutoka kidevuni hadi kifuani, kutoka kifuani hadi mezani. Mama yake alikiona kikishuka. Akahamisha kiti cha maboksi, akakiweka nyuma ya vyoo, ubavuni kwa Bi Sikudhani.

"Wamekukataza kumgusa," alisema. "Wamekataza na yeye kukaa hapa?"

"Harufu, mama Leokadia."

"Bora harufu kuliko kukaa darasani anatazamwa kama saa mbovu."

Leokadia akamtazama Daktari Mtegule kwenye kioo kwa muda.

"Mjomba... Pazia... anaongea... sana."

"Anajenga uwezo, mama," Bi Sikudhani alimjibu.

"Amefika... wapi?"

"Hata kwenye lenta hajafika."

Kishikwambi kikalia wimbo wake. Leokadia aliupenda ule wimbo. Kabla Bi Sikudhani hajanyanyua kidole, mkono wa Leokadia ulitoka, ukayumba kushoto, ukajirekebisha, ukanyooka, ukaligonga lile duara.

Bi Sikudhani akaganda. Kile kiwiko ndicho alichokuwa akikibembeleza mwaka mzima. Kilikuwa kimenyooka chenyewe, kwa hiari, kwa sababu ya kitu kisicho na maana yoyote.

Sasa hebu fikiri, ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye alifanya kama ufundi wake unavyomtuma. Hakumgusa mtoto. Alikisogeza kishikwambi. Wiki hii alikiweka mbali kidogo, iliyofuata juu kidogo, halafu akakining'iniza kwa kamba usawa wa mdomo wa Leokadia, mkono upite njia ile ile ya kijiko. Wimbo unalia, mkono unapaa, NIPO. Na kamera, iliyokuwa sasa imemwelekea Leokadia, ilikiona kichwa chake kikitikisika mchana kutwa, kikikubali kila alichosema Daktari Mtegule.

"Kwa hiyo mwanangu ndiye anayesoma badala yako," alisema mama Leokadia.

"Nyamaza. Angalia kiwiko."

"Nakiangalia. Ila utafungwa wewe."

"Nikifungwa si utaniletea wali?"

"Wali upi? Nitakuletea kishikwambi."

Walicheka pale kwenye uvundo, wanawake wawili na mtoto, na huku nyuma, kwenye mfumo, alama zikipanda. Hilo ndilo kosa lao. Katika Uwezoni usifanye jambo vizuri kupita kiasi, maana utaonekana.

Tangazo lilisomwa kwenye taarifa ya habari. Mshiriki kutoka Shule ya Msingi Malengo alikuwa ametikisa kichwa kuliko mtumishi yeyote tangu nchi ipate uhuru. Mheshimiwa Waziri angekuja mwenyewe kumtunuku. Siku iliyopangwa ilikuwa ile ile ambayo Kamati ya Kujimudu ilikuwa inakuja kuwapima watoto, na kwa kuwa mwenyekiti wa Kamati alikuwa ni huyo huyo Daktari Mtegule, shughuli ziliunganishwa.

Mwalimu Mkuu alipaka rangi vyoo upande wa barabarani. Akakopa viti vya kanisani. Akaweka keki ya ghorofa tatu, kwa sababu Uwezoni, kama kwingine ninakokujua, hakuna jambo linalokamilika mpaka mtu mzima alishwe keki na mtu mzima mwenzake mbele ya kamera.

Daktari Mtegule alishuka kwenye gari akiwa na picha ya mshindi mkononi. Akaitazama picha, akamtazama Leokadia kwenye kiti chake cha maboksi, akamtazama Bi Sikudhani.

"Wewe ni nani?"

"Ndiye mtabibu, Daktari. Mimi Sikudhani. Wa kuku."

"Mfumo haukutambui. Mfumo unamtambua huyu."

"Huyo ni mwanafunzi wangu! Ana miaka tisa!"

"Dada yangu, mfumo haukosei. Kasimame kule kwa wazazi, tusiharibu ratiba."

Hivyo Leokadia akakalishwa meza kuu, kulia kwa Mheshimiwa, mbele ya keki, akavishwa joho na cheti kikaning'inizwa shingoni. Bi Sikudhani akasimama kwa wazazi, mikono nyuma. Mbele yake mama Leokadia alikuwa ameshika kanga kwa meno.

Hotuba zikaanza. Itifaki ilisomwa, ikarudiwa kwa waliochelewa. Mheshimiwa alieleza historia ya mtandao tangu enzi za buibui. Jua likapanda, krimu ikaanza kuteleza kwenye keki, na Leokadia, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi kwa sababu ya kupambwa, aliona kipande kimejikata chenyewe kikaegemea upande wake.

Akashika kijiko chake.

Hakuna aliyempigia wimbo. Mkono ulitoka, ukayumba, ukajirekebisha. Kijiko kikachota. Kikapita kifuani. Kikafika kidevuni kikasimama, na kule kwa wazazi Bi Sikudhani akapiga hatua moja mbele na kujizuia. Taya likajikaza. Kisha likalegea, kinywa kikafunguka, na keki ikaingia.

Mama Leokadia akapiga kigelegele kilichokatisha hotuba katikati ya neno "ubunifu".

"Jamani! Jamani!" Daktari Mtegule alikimbilia meza kuu. "Keki haijafunguliwa! Mgeni rasmi hajalisha!" Akamnyang'anya Leokadia kijiko, akamfuta mdomo kwa leso, na akaibandika krimu pale ilipotoka. "Mpiga picha! Mheshimiwa, uma huu hapa. Mtoto, tulia. Achama."

Leokadia hakuachama. Shibe ya kwanza ya mikono yake ilikuwa ndiyo kwanza inashuka. Daktari akambana mashavu kidogo, kwa upendo wa kitaalamu, kinywa kikafunguka, Mheshimiwa akasukumiza uma, taa ya kamera ikamulika. Watu wazima wote waliokuwa pale walipiga makofi ya kimbunga. Hata waliokiona kijiko. Hao ndio waliopiga kwa nguvu zaidi.

Kamati ikakaa kesho yake. Mezani palikuwa na gazeti la serikali, ukurasa wa kwanza, picha ya rangi: WAZIRI AMLISHA MSHINDI.

"Ushahidi unajieleza," alisema Daktari Mtegule. "Mtoto analishwa. Kwa mujibu wa Waraka, anarudi nyumbani."

"Daktari!" mama Leokadia alisimama. "Ulikuwepo! Alikula mbele yako! Kijiko ulimpokonya kwa mkono wako huo!"

"Mama yangu, tusikasirike. Mimi kama Anselimu nilimwona. Lakini Kamati haikuwepo. Kamati inatazama ushahidi."

"Basi mpeni kijiko sasa hivi, ale, Kamati imwone!"

"Unataka tuseme Mheshimiwa alimlisha mtu anayeweza kula mwenyewe? Yaani Mheshimiwa alifanya kazi isiyohitajika?" Sauti yake ilishuka, kama ya mtu anayekuonya usikanyage nyaya. "Hilo sisi hatuwezi kulisema."

Bi Sikudhani akauliza, "Na cheti mlichompa jana?"

"Cheti ni cha kulisha. Si cha kula."

Wajumbe wakatikisa vichwa.

Leokadia akafungwa mgongoni kwa mama yake akaondoka Malengo, akisoma kwa sauti kila kibao walichopita, pole pole, na mama yake akisimama kwenye kila kibao mpaka amalize.

Asubuhi iliyofuata Bi Sikudhani hakwenda nyuma ya vyoo. Alikwenda kwa mama Leokadia, akaketi uani, akakunja mikono ya gauni, akakishika kile kiwiko. Waraka ulikataza kumgusa mtoto wa shule. Leokadia hakuwa tena mtoto wa shule.

Habari ikatembea. Mzazi mmoja akamtoa mwanawe Malengo ili apate kuguswa. Akafuata wa pili. Kabla mvua hazijaanza, ua ulikuwa umejaa viti vya maboksi, na uji wa ngano ukipikwa kwenye sufuria moja wa kunywa, kwenye nyingine wa kugandishia.

Taarifa ya mwaka ya Wizara ilikuwa nzuri kuliko zote. Ilisema kwamba kutokana na Mafunzo Endelevu, shuleni Malengo hapakuwa tena na mtoto hata mmoja asiyeweza kula mwenyewe. Ni kweli kabisa. Hapakuwa na mmoja. Mheshimiwa alikwenda ughaibuni kueleza mbinu.

Daktari Mtegule alikuja uani siku moja na gari la serikali, baada ya kusikia kuna kituo kinaendeshwa bila kibali. Alisimama mlangoni, hakuingia, kwa ajili ya viatu.

"Nani amefungua kituo hapa?"

"Kituo gani, baba?" alisema mama Leokadia. "Hapa ni kwangu."

"Na hawa watoto?"

"Wanakula."

"Naona wanakula! Nauliza, nani anawafundisha?"

Bi Sikudhani alikuwa ameinama nyuma ya mtoto mmoja, mkono kwenye bega la mwenzake, hata hakugeuka.

"Hakuna anayewafundisha," alisema mama Leokadia. "Wana njaa."

Daktari hakuwa na mahali pa kuliandika hilo. Akaanza kugeuka, ndipo Leokadia akaweka bakuli chini na kumtazama.

"Mjomba... mimi... shule..."

"Ndiyo, mwanangu, suala lako tumelipokea," alisema Daktari Mtegule, akitazama saa. "Tunalifanyia kazi."

"...nina... rudi..."

Mlango wa gari ukafungwa. Vumbi likaruka, likatua kwenye mabakuli ya watoto.

"...lini?" alimaliza Leokadia.

Mama yake alilifuta bakuli lake kwa pindo la kanga. "Wameondoka, mwanangu," alisema. "Hawakungoja."